Siku tulipowapeleka watoto kwenye poto-poto ya Kisale

Wiki tatu kabla ya safari hii mama mmoja alikuja shuleni kwetu akiwa na beseni la samaki kichwani. Hakulitua. Alisimama mlangoni akatuuliza: «Walimu, mnataka kumpeleka mtoto wangu kwenye poto-poto akajifunze nini? Poto-poto anaiona kila asubuhi akiamka.» Wenzake wawili waliokuwa nyuma yake wakacheka. Sisi pia tukacheka, lakini jibu hatukuwa nalo tayari. Leo tunaandika habari hii ili kumjibu yeye, na kuwajibu ninyi wote ambao labda mmejiuliza swali lilelile.

Sisi ni walimu wawili, wa darasa la tano na la sita, katika kijiji kilicho ukingoni mwa Lualaba, upande wa Kikondja. Anayekuja kwetu kutoka Bukama hushuka na mto. Mwanzoni anaona kingo mbili za udongo, kisha kingo zinapotea polepole na mahali pake panakuwa ukuta wa mafunjo pande zote mbili. Hapo ndipo maziwa yetu yanapoanza, Upemba na Kisale na mengine madogo mengi, na katikati yake kinamasi ambacho mtu hawezi kuona mwisho wake. Wageni wanasema ni mahali pa mbu na mamba. Sisi tumezaliwa hapa.

Wazo la safari lilitoka darasani. Siku moja tuliwaambia watoto wa darasa la sita waandike katika kaye zao vitu vitano vinavyopatikana kwenye kinamasi. Waliandika: mbu, nyoka, mamba, matope, wafu. Mmoja aliandika «magonjwa» mara mbili. Hakuna hata mmoja aliyeandika «chakula», ingawa tulipowauliza nani alikula bukari na samaki jana usiku, mikono yote ilipanda juu. Tulitazamana sisi wawili. Watoto hawa wanalishwa na kinamasi, na wanakichukia. Hata vitabu vyetu havina ukurasa wa Kisale. Vina picha za milima yenye theluji.

Tuliita komite ya wazazi. Wamama walikuwa wengi kuliko wababa, na walileta hofu tatu. Ya kwanza ilikuwa maji yenyewe: kila mtu hapa anamjua mtu aliyezama. Ya pili ilikuwa kipindupindu, ambacho katika maziwa yetu hurudi mara kwa mara. Ya tatu ilisemwa kwa sauti ya chini, kwa sababu tulikuwa tumeandika kwamba tutafika Sanga, na Sanga ni mahali pa makaburi ya wazee wa zamani. Nkambo mmoja alituuliza kama tumeomba ruhusa. Tulisema bado. Akasema: «Basi anzeni hapo.»

Alikuwa na haki. Tulikwenda kwa chefu, na chefu akatupa mzee mmoja wa kutuongoza. Kwa maji, tulizunguka kwa wavuvi na wafanyabiashara kuazima majaketi ya kuelea. Tulipata kumi na sita tu, na watoto walikuwa arobaini na sita. Mmoja wetu alitaka tuwachukue wote kwa siku moja, wakubwa wakae bila jaketi. Wamama walikataa kabisa. Ndivyo safari moja ikawa safari tatu, Jumamosi tatu za mwezi wa tano, watoto wasiozidi kumi na sita kila mara, pamoja na wamama wawili na bidoni za maji yaliyochemshwa. Tunawashukuru, kwa maana siku ya kwanza ilituonyesha kwamba walikuwa wameona mbali.

Orodha ya safari ya kwanza ilikuwa na wavulana kumi na mmoja na wasichana watano. Wazazi wa wasichana walikuwa wanangoja waone kwanza kama watoto wa wengine watarudi. Tulimwendea yule mama wa beseni. Tukamwambia: «Mama, wewe unayeijua poto-poto kuliko sisi, njoo na binti yako, utufundishe.» Alifikiri kidogo, kisha akasema atakuja, lakini samaki wake wa siku ile nani atawauza? Dada yake aliwauza.

Tuliondoka alfajiri, ukungu ukiwa bado juu ya maji. Mwezi wa tano mvua zimekwisha lakini maji bado yako juu, na boti inaweza kupita mahali ambapo katika kiangazi ni nyasi tupu. Tulipoingia katika njia nyembamba kati ya mafunjo, mwenye boti alizima motere. Watoto walinyamaza wenyewe. Mafunjo yalikuwa marefu kupita watu wawili waliosimama mmoja juu ya mwingine, na vichwa vyake vya nyuzi nyuzi vilikuwa vinatikisika bila upepo. Ndege mdogo mwenye vidole virefu alikuwa anatembea juu ya majani ya yungiyungi kama mtu anayetembea sokoni.

Mzee alichukua upondo akauchoma katikati ya mafunjo. Upondo ulizama, ukazama, mpaka mkono wake ukagusa maji. Hakuna ardhi chini. Aliwaita watoto mmoja mmoja wajaribu. Mafunjo yale yanaelea: mizizi yake imefumana kama mkeka mnene, majani yaliyokufa yanaongezeka juu yake mwaka kwa mwaka, na mkeka huo una nguvu ya kumbeba mtu. Upepo mkali unaweza kukata kipande na kukisukuma ziwani kama kisiwa. Mzee alisema zamani wavuvi walijenga vibanda vyao juu ya visiwa vya namna hiyo, wakalala, na asubuhi wakajikuta mahali pengine. Watoto walicheka sana. Lakini si hadithi tu. Mwingereza Cameron, aliyepita katika nchi ya Waluba miaka ya 1870, alisimuliwa habari za watu wa ziwa hili wanaoishi juu ya visiwa vinavyoelea.

Hapo tulifanya jaribio ambalo mama yeyote anaweza kulifanya na watoto wake. Tulichota chupa moja ya maji kutoka mtoni, na chupa nyingine kutoka ndani kabisa ya mafunjo. Tukaziweka juani kwenye ubao wa boti. Maji ya mto yalikuwa ya udongo, huwezi kuona kidole upande wa pili. Maji ya mafunjo yalikuwa na rangi ya chai nyepesi, lakini hayakuwa na tope. Tukawauliza watoto: tope limekwenda wapi? Binti wa yule mama, ambaye darasani hasemi neno, alijibu: «Limebaki kwenye mizizi. Nikikata mafunjo na nkambo wangu kwa ajili ya mikeka, mikono inatoka na udongo mwingi.» Hilo ndilo somo lenyewe. Mto unapoingia kwenye kinamasi unapunguza mwendo, mizizi inashika udongo, na udongo ule unalisha mimea na wadudu wanaolisha samaki wadogo. Tulikuwa tumeandaa maelezo marefu. Yeye alitumia maneno machache.

Kisha mvulana mmoja akasema: «Basi haya ni safi, tunaweza kunywa», akanyoosha mkono kuchukua chupa. Mama wa beseni alimshika mkono kabla sisi hatujafungua kinywa. «Hapana! Maji yanaweza kung'aa na kifo kikawa ndani.» Aliwaambia watoto kwamba mwaka mmoja aliwalaza watoto wake wawili kwenye kituo cha kipindupindu, na maji waliyokunywa hayakuwa na uchafu wa kuonekana. Aliyahesabu mambo matatu kwa vidole: maji yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, choo kiwe mbali na maji, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Nasi tukaongeza la nne, ambalo tunaliandika hapa kwa kila nyumba: mtoto akianza kuharisha maji maji, anza kumnywesha palepale, usingoje. Lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi. Mpe kidogo kidogo, huku mnakwenda kituo cha afya.

Mbele kidogo mama huyo alichukua kikapu chake cha kuvulia, akakiingiza chini ya ukingo wa mafunjo, akakiinua. Ndani mlikuwa na samaki wadogo kama punje za mchele, tilapia na kambale, wengi kupita kuhesabika. Aliwaambia watoto: «Hapa ndipo samaki wanapolelea watoto wao. Samaki mkubwa hawezi kupita kati ya mizizi hii, kwa hiyo wadogo wanapona. Haya mkononi hayajazi hata kijiko. Mwaka kesho ni mabeseni.» Akawarudisha majini. Tuliongeza kwamba katika mafunjo hewa ndani ya maji ni kidogo, na ndiyo sababu kambale na kamongo wanapenda kuishi humo: wao wanaweza kupanda juu na kuvuta hewa kama sisi.

Hatukuenda mbali tukaona kitu cheupe kimefungwa kwenye mabua mawili. Kilikuwa chandarua, kile tunachogawiwa kwa ajili ya kuzuia mbu. Kilikuwa kimejaa samaki wale wale wadogo, wamekufa. Watoto walinyamaza. Kisha mvulana mmoja akasema polepole: «Ni cha kwetu.» Aliinamisha kichwa. Sisi walimu hatukujua la kusema. Tulikuwa tumeandaa somo la mazingira, hatukuandaa la kumwambia mtoto ambaye baba yake ndiye mkosaji mbele ya wenzake.

Mama wa beseni ndiye aliyesema. «Hata mimi nimefanya hivyo. Mwaka ule nyavu zetu ziliibwa na nyumbani hapakuwa na kitu. Tulikula wiki mbili. Halafu msimu uliofuata hatukupata samaki mahali pale, na mtoto wangu mdogo akashikwa na malaria kwa sababu tulilala bila chandarua. Nililipa mara mbili.» Akamgusa yule mvulana begani. «Baba yako si mtu mbaya. Ni mtu mwenye njaa. Lakini wewe sasa umeona.»

Wamama, tumefundisha miaka mingi, na cheti cha taasisi ya ualimu tunacho. Hatukuwahi kufundisha somo kama lile.

Tulifika Sanga jua likiwa juu. Sanga iko kwenye ukingo wa Ziwa Kisale, upande wa kaskazini-magharibi. Ukifika hutaona jengo wala sanamu. Utaona ardhi iliyoinuka kidogo juu ya maji, nyasi, na hapa na pale kipande cha chungu kilichovunjika. Mzee alisimama kwanza, akasema maneno kwa Kiluba, kisha akatupa sheria moja: macho yaone, mikono isichukue.

Mwaka 1957 na 1958 wachimbaji wa mambo ya kale walifungua makaburi zaidi ya mia moja mahali hapa. Wengine walikuja tena miaka ya 1970, wakachimba pia vijiji vingine vya bonde letu. Waligundua kwamba watu wameishi kando ya maji haya kwa zaidi ya miaka elfu moja bila kuhama. Walizika watu wao pamoja na vyungu vizuri sana, shoka za chuma, vito vya shaba na pembe. Baadaye, katika makaburi ya miaka iliyofuata, kukawa na misalaba midogo ya shaba, mingine imewekwa karibu na mikono ya marehemu. Wataalamu wanafikiri misalaba ile ilikuwa feza yao. Kulikuwa pia na simbi zilizotoka kwenye bahari ya mashariki, safari ya miezi mingi kwa miguu.

Tuliwauliza watoto: katika bonde letu kuna mgodi wa shaba? Wakasema hapana, shaba iko kusini, upande wa Likasi na Kolwezi. Basi wazee wetu waliilipia nini? Watoto walifikiri. Mama wa beseni, aliyekuwa amekaa chini ya mti, akasema: «Samaki mkavu. Wangekuwa na nini kingine?» Ndivyo hata wataalamu wanavyofikiri. Alipiga mikono yake akacheka: «Kumbe kazi yangu ni ya zamani hivyo! Mimi nikipeleka magunia Likasi nadhani ni shida ya siku hizi.» Watoto wakaandika katika kaye zao kwamba mama anayeuza samaki anafuata njia ya miaka mia nyingi. Tuliwaacha waandike, kwa maana ni kweli.

Kisha tuliwaeleza jambo moja ambalo tulisita kulisema mbele ya watoto. Katika makaburi ya watoto wadogo, vyungu vilikuwa vidogo pia. Mtu fulani alikaa chini akafinyanga chungu kidogo, kwa kipimo cha mtoto, kwa ajili ya mtoto ambaye hatapika tena wala hatacheza. Tulipomaliza kusema, hakuna aliyeuliza swali. Mama wa pili aliyetusindikiza, ambaye siku nzima hakusema sana, alifunika uso kwa kitenge chake. Wote kijijini tunajua kwamba alizika mtoto mwaka juzi. Baadaye, tukirudi kwenye boti, alituambia: «Nilifikiri watu wa zamani walikuwa wakali, hawakulia. Kumbe walilia kama sisi.» Msichana mmoja ambaye alikuwa ameficha kipande cha chungu mfukoni alirudi mbio, akakiweka pale alipokiokota. Hakuna aliyemwambia.

Vingi vilivyotolewa Sanga haviko Sanga. Vingine viko katika jumba la makumbusho la Lubumbashi, vingine vilikwenda Ubelgiji, Tervuren. Watoto walikasirika kidogo waliposikia, na tuliona ni vizuri wakasirike. Mtu hakasiriki kwa kitu ambacho si chake.

Hapa tunapaswa kukiri kosa letu. Tulipendezwa na Sanga tukachelewa kuondoka. Katika mkutano wamama walisema turudi kabla ya upepo wa alasiri, na sisi tulisahau saa. Upepo ulitukuta katikati ya ziwa, mawimbi yakaanza kuingia ndani ya boti. Mwenye boti aligeuza akatuingiza kwenye mafunjo, na ndani yake maji yalikuwa matulivu kama kwenye beseni. Tulikaa humo zaidi ya saa moja, watoto wote wakiwa na jaketi zao, wakiimba. Tuliangalia mawimbi yakipiga ukuta wa mafunjo na kufa. Mtoto mmoja alisema: «Mwalimu, hili ndilo la sita.» Alimaanisha orodha yao ya vitu vinavyopatikana kwenye kinamasi. Tulifika nyumbani giza likiingia. Wamama walikuwa wamesimama ukingoni na taa, na hawakutusalimia mara moja. Tuliomba radhi usiku uleule. Safari mbili zilizofuata tuliondoka Sanga saa sita kamili.

Baada ya safari zote tatu tuliwapa watoto kazi ileile: andikeni vitu vitano. Mbu bado wapo, na mamba pia, kwa sababu ni kweli. Lakini sasa kuna «nyumba ya watoto wa samaki», kuna «mikeka», kuna «mahali pa kujificha upepo», kuna «wazee wetu». Katika safari ya tatu wasichana walikuwa tisa kati ya watoto kumi na wanne. Si kila kitu kimekwenda vizuri. Wiki iliyofuata wavulana wawili hawakuonekana tena darasani. Wamekwenda na wazazi kwenye kambi ya uvuvi, kama inavyotokea kila mwaka. Mmoja wao ni yule wa chandarua. Kiti chake bado tumekiacha.

Kwa vikundi vya wamama ambavyo vingependa kufanya safari ya namna hii kwenye kinamasi cha kwao, tunashauri machache. Idadi ya majaketi ndiyo iwe idadi ya watoto. Ombeni ruhusa kwa wazee kabla ya kupanga siku. Bebeni maji yenu. Wasichana wawe kwenye orodha tangu siku ya kwanza. Na msiwaachie walimu peke yao: mwiteni mama anayekata mafunjo, anayekausha samaki, anayefinyanga vyungu, na mumpe nafasi ya kusema.

Yule mama wa beseni alipita shuleni tena wiki hii. Safari hii alilitua beseni chini, akaingia, akatazama michoro ya watoto ukutani. Tulimwambia kwamba jibu la swali lake tumelipata. Mtoto wake anaiona poto-poto kila asubuhi, ndiyo. Lakini alikuwa hajamwona mama yake akiifundisha.

Alicheka, akatuuliza safari ya mwaka kesho ni lini, ili amwambie dada yake mapema juu ya samaki.